Kiduha cha Baharini: Jinsi Usafi Uliozidi Unavyozaa Mwani Msumbufu

Mkulima wa mpunga wa nchi kavu wilayani Kyela, jirani na Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, anakijua vema kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya nafaka. Gugu hili hustawi zaidi katika shamba lililochoka. Mmea uliokosa rutuba hutoa mizizini kwa wingi kemikali fulani, na kemikali hizo ndizo ziziamshazo mbegu za kiduha zilizolala udongoni. Kwa hiyo mkulima ang'oaye gugu bila ya kurudisha rutuba hufanya kazi isiyokwisha. Watafiti waliofanya majaribio Kyela walionyesha kwamba kupanda marejea kwa zamu na mpunga huirudisha rutuba na kukipunguza kiduha.

Kisa kinachofanana na hicho hutokea mahali ambapo mwanafunzi wa Tunduma, aliye mbali sana na pwani, hawezi kupadhania: ndani ya tangi la kioo ambamo watu hufuga matumbawe na samaki wa bahari. Kiduha cha humo huitwa dinoflajelata.

Dinoflajelata ni kiumbe cha seli moja, kidogo kiasi cha kuonekana kwa hadubini tu. Kina mijeledi miwili: mmoja hukizunguka kama mshipi, wa pili huburuzika nyuma, na kwa hiyo huogelea huku kikipinduka kama pia. Baadhi ya aina zake hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nyingine huwinda, na nyingine hufanya yote mawili.

Si zote zilizo adui. Ziko aina ziishizo ndani ya mwili wa tumbawe na kulipa sehemu kubwa ya chakula chake. Mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipozidi, matumbawe mengi ya Tanzania na Kenya yaliwapoteza wapangaji hao, yakapauka, na mengi yakafa.

Adui ni aina nyingine, kama vile Ostreopsis, Prorocentrum na Amphidinium. Hizi hutandaza juu ya mawe na mchanga wa tangi ute wa rangi ya kahawia, wenye mapovu ya oksijeni wakati wa mchana. Mfugaji akiuona, hudhani kuwa ni uchafu. Husugua mawe, hubadilisha maji, huongeza vichujio. Ute hurudi, tena kwa nguvu zaidi.

Kwa nini? Mwani wa majini huhitaji virutubisho kama nitrati na fosfati. Vinapokaribia kwisha kabisa, mwani wa kawaida na bakteria wengi hudhoofika, na mawe hubaki wazi kama shamba lisilo na mwenyewe. Dinoflajelata huvumilia njaa hiyo, kwa kuwa baadhi yake huogelea kutafuta mahali pazuri na hula viumbe wengine. Njia yake si ile ya kiduha, lakini matokeo ni mamoja: umaskini wa mazingira humpa nafasi msumbufu.

Basi tiba huanza kwa hadubini, ili aina itambuliwe. Kisha mfugaji huacha kubadilisha maji mara kwa mara, na huongeza nitrati na fosfati kidogo kidogo, akizipima, mpaka zisipungue tena hadi sifuri. Huweza pia kutia silika ili diatomu ziote, na mchanga kutoka tangi lenye afya ili viumbe washindani warudi. Taa ya miale ya urujuanimno huziua aina ziogeleazo majini usiku, kama Ostreopsis, lakini haizifikii zijifichazo mchangani, kama Amphidinium. Kulitia tangi giza kwa siku tatu hupunguza ute, ila peke yake mara nyingi hakutoshi.

Hadhari inatakiwa. Ostreopsis hutengeneza sumu kali za jamii ya palitoksini. Mwaka 2005, katika pwani ya Genoa nchini Italia, watu wapatao 200 walitibiwa baada ya kuvuta hewa ya bahari iliyojaa kiumbe huyo. Kwa hiyo mfugaji huvaa glavu, na kamwe hachemshi mawe ya tangi, kwa maana sumu huweza kuruka pamoja na mvuke.

Shule ya Songwe haihitaji bahari ili kuichunguza kanuni hii. Na yachotwe maji ya bwawa, yatiwe katika chupa tatu za kioo karibu na dirisha. Ya kwanza iachwe kama ilivyo. Ya pili iongezwe chembe chache za mbolea ya dukani. Ya tatu itiwe mbolea nyingi. Kila baada ya siku tatu, tone la kila chupa litazamwe kwa hadubini, na aina za viumbe zihesabiwe. Ni chupa ipi yenye aina nyingi? Ni ipi iliyotawaliwa na aina moja? Jibu litaandikwa na wanafunzi wenyewe katika madaftari yao.