Je, Wajua? Likizo Maktabani

Je, wajua kwamba likizo ndefu ya shule za Marekani, ile ya kuanzia Juni hadi Agosti, haikuwekwa ili watoto wakalime? Hadithi hiyo husimuliwa kila mwaka, na si kweli. Mkulima alimhitaji mwanawe wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na kati ya hapo mtoto angeweza kukaa darasani bila shida. Waliosababisha shule zifungwe Julai ni watu wa mjini. Katika karne ya 19 madarasa ya New York na Philadelphia yalikuwa tanuri majira ya joto, na wenye uwezo waliondoka mjini na watoto wao kwenda kupunga hewa. Waliobaki ni watoto wa wafanyakazi, wanazurura mitaani.

Wakutubi ndio waliowawahi. Mwaka 1897 Maktaba ya Umma ya Cleveland, Ohio, iliunda chama cha watoto wasomaji. Mwanachama alitakiwa kusoma vitabu vizuri, kuvitunza, na kuwaleta wenzake. Mipango ya kusoma wakati wa likizo ilianza kusambaa katika miji ya Marekani mwongo huohuo, na haijakoma hadi leo.

Na kabla ya hapo? Maktaba nyingi hazikumtaka mtoto kabisa. Ziliweka umri wa kuingia, na aliyepungukiwa alibaki nje. Anne Carroll Moore, aliyesimamia huduma za watoto katika Maktaba ya Umma ya New York tangu 1906 hadi 1941, alitaka watoto wa kila umri waingie na wapewe meza na viti vya kimo chao. Kabla ya kupewa kadi, mtoto aliandika jina lake kwenye daftari na kuahidi kuvitunza vitabu.

Bibi huyo lakini alikuwa na yake. Kitabu cha watoto *Goodnight Moon* kilipotoka mwaka 1947 hakikumpendeza, na ingawa alikuwa amestaafu, neno lake bado lilikuwa sheria. Maktaba hiyo haikukinunua hadi 1972. Mwaka 2020, ilipotangaza vitabu vilivyoazimwa zaidi katika historia yake, kitabu hicho hakikuingia kumi bora; kilitajwa pembeni tu, kwa heshima. Kilichoongoza ni *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, hadithi ya mtoto mweusi anayecheza kwenye theluji: kimeazimwa mara 485,583.

Je, wajua kwamba Pura Belpré, Mpuertoriko wa kwanza kuajiriwa mkutubi na maktaba hiyohiyo, mwaka 1921, alisimulia hadithi kwa Kihispania na Kiingereza huku akichezesha vikaragosi? Mzazi aliyekuwa akiipita maktaba mbali kwa kuwa hajui Kiingereza akaanza kuingia humo na familia nzima.

Sasa twende kwenye takwimu. Mwanasosholojia Barbara Heyns aliwafuatilia wanafunzi wa Atlanta, akachapisha matokeo mwaka 1978. Pengo kati ya watoto wa matajiri na wa maskini lilikua zaidi shule zikiwa zimefungwa kuliko zikiwa wazi. Alitafuta ni nini kinachomsaidia mtoto asirudi nyuma, akakuta kwamba maktaba ya umma ilichangia kuliko taasisi nyingine yoyote ya umma, hata masomo ya ziada ya likizo. Hilo wazazi wetu wanaolipia twisheni Juni na Desemba wanafaa kulitafakari kidogo kabla ya kutoa fedha.

Uingereza wanalo shindano lao la likizo tangu 1999, ambalo sasa huendeshwa na shirika la The Reading Agency pamoja na maktaba za umma. Masharti ni mepesi: mtoto asome vitabu sita anavyovitaka yeye. Cha vichekesho kinahesabiwa. Cha picha kinahesabiwa. Cha kusikiliza nacho kinahesabiwa. Hakuna mwalimu wa kuuliza mbona umechukua cha wadogo.

Zawadi je? Hapa wakutubi wenyewe hawaelewani, na mzozo wao una historia. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walikwenda kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. Kundi jingine lilipewa cheti kilekile bila kuambiwa mapema. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua, na kibarua bila ujira nani anakitaka? Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu.

Ndiyo maana maktaba kadhaa zimeacha kugawa vijidude vya plastiki na kumpa mtoto kitabu cha kwenda nacho nyumbani kiwe chake. Naona wamefanya la maana. Kumlipa mtoto peremende ili asome ni kumwambia kwamba kusoma ni dawa chungu.

Je, wajua kwamba kuna watoto wanaowasomea mbwa? Mpango huo ulianzia Salt Lake City, jimbo la Utah, mwaka 1999. Mtoto mwenye kigugumizi au anayeona haya mbele ya wenzake huketi chini na mbwa aliyefunzwa, akasoma kwa sauti. Mbwa hacheki wala hasahihishi. Kwetu mwambao mbwa hataingia maktabani leo wala kesho, ila Lamu hakuna uhaba wa paka.

Maktaba hulisha pia. Shule za Marekani zikifungwa, chakula cha mchana cha bure cha wanafunzi nacho husimama, na serikali kuu hugharimia milo ya likizo kwa kila aliye na umri wa miaka 18 au chini ya hapo. Maktaba nyingi zimejiandikisha kuwa vituo vya kugawia milo hiyo. California ilianzisha mpango wake maalumu mwaka 2013. Mtoto anakuja kula, anabaki kusoma.

Wala kinachoazimwa si vitabu tu. Berkeley, California, tangu 1979 maktaba huazimisha misumeno, ngazi na mashine za kutoboa. Maktaba ya Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, ina cherehani. Na Copenhagen mwaka 2000 walibuni maktaba ambayo "kitabu" chake ni mtu: unamwazima kwa mazungumzo, unamuuliza maisha yake, kisha unamrudisha.

Faini za kuchelewesha vitabu nazo zinaondoka. Chicago ilizifuta Oktoba 2019, New York Oktoba 2021. Wakutubi walikuwa wamegundua kwamba anayeogopa faini harudishi kitabu haraka; anakificha, na yeye mwenyewe hakanyagi tena.

Si kila kizuizi kilikuwa cha fedha. Mwaka 1959 katika mji wa Lake City, South Carolina, mtoto mweusi wa miaka tisa aitwaye Ronald McNair alibeba vitabu vya sayansi hadi kwenye kaunta. Mkutubi akamwambia maktaba hii si ya watu weusi. Mtoto akaketi juu ya kaunta, akasema atangoja. Mkutubi aliita polisi, na mama mtu naye akaitwa. Polisi walifika, wakatazama, wakaona kijana mwembamba anayengoja vitabu. Wakauliza kwani akipewa kuna ubaya gani. Alipewa. McNair alisomea fizikia hadi udaktari, akaruka angani mwaka 1984, na akafa ndani ya chombo cha anga cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Jengo lile la maktaba leo ni makumbusho yenye jina lake.

Wakenya hawana haja ya kwenda South Carolina kuisikia habari ya namna hiyo. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis, Marekani. Kwa zaidi ya robo karne Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 2017 waandishi na wachapishaji Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk ili kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi hayo ya Eastlands, yaliyo katikati ya makazi ya watu, na leo watoto husimuliwa hadithi humo.

Je, wajua kwamba Andrew Carnegie, aliyelipia ujenzi wa maktaba 2,509 duniani, alianza kwa kugombana na maktaba? Kijana maskini wa Pennsylvania, aliambiwa alipe dola mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuwa mwanagenzi. Akaandika gazetini kulalamika, sharti likaondolewa. Moja ya maktaba za fedha zake ilifunguliwa Victoria, Shelisheli, mwaka 1910.

Garissa, tangu 1996, vitabu husafiri kwa ngamia. Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya huwapakia masanduku ya vitabu, hema na mikeka, wakaenda kuwafuata watoto wa wafugaji mahali ambapo gari lingenasa mchangani. Mtunzi wa Kimarekani, Masha Hamilton, ametunga riwaya juu ya ngamia hao.

Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya uhuru, na mwezi wa likizo.

La mwisho ni la kwenda nalo. Katika mpangilio wa vitabu maktabani uitwao Dewey, uliobuniwa mwaka 1876, lugha ya Kiswahili iko namba 496.392 na fasihi yake 896.392, iwe Mwanza au Minneapolis. Likizo ijayo mpeleke mtoto akaitafute rafu hiyo mwenyewe. Mkiikuta tupu, msiondoke kimyakimya: mwoneni mkutubi, mwachieni orodha ya vitabu mnavyovitaka.