Je, Maandiko Matakatifu Peke Yake Yatosha?



Wakristu wengi katika vijiji vyetu vya Katanga huulizwa na jirani zao swali linalowafunga kinywa: “Habari hii ya kuungama kwa padri imeandikwa wapi? Mimi nina Biblia yangu, nayo yanitosha kumkaribia Mungu.” Swali hili si geni katika nchi yetu. Frederick Stanley Arnot, mhubiri Mprotestanti kutoka Uskoti, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Mapadri Wabenedikto walikuja Katanga mwaka 1910. Basi wazee wetu walisikia mafundisho mawili juu ya Kitabu kimoja.

Kwanza tumpe jirani haki yake. Yeye huamka na Injili mkononi, hali Mkatoliki mwingine ameilaza Biblia sandukuni chini ya nguo za sikukuu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya mwaka 1965, uliwahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara. Asiyeyasoma asijivunie Ukatoliki wake mbele ya jirani huyo.

Lakini ugumu umo katika neno “peke yake”. Ni nani aliyemwambia jirani kwamba Injili ya Luka imo katika Biblia, na maandishi mengine ya kale hayamo? Kitabu chenyewe hakina orodha yake. Vile vitabu 27 vya Agano Jipya vilithibitishwa na maaskofu waliokutana hapahapa Afrika, kule Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397. Kwa hiyo aishikaye Biblia amekwisha kuliamini Eklezia, hata asipojua. Naye Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike washike waliyofundishwa kwa barua na kwa kinywa pia. Hayo ya kinywa ndiyo tuyaitayo Mapokeo.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Bwana wetu aliwaonya watu waliochunguza Maandiko usiku na mchana, ambao walikataa kuja kwake, ingawa Maandiko hayo yalimshuhudia yeye (Yohane, sura ya 5). Baba aliye kazini katika migodi ya Kolwezi huwaandikia watoto wake barua, nao huisoma kwa furaha mpaka karatasi ikachakaa. Siku baba anapobisha hodi, je, watafunga mlango ili waendelee kusoma? Kristu abisha hodi katika ubatizo, katika kitubio, na hasa katika Ekaristi.

Mwaka uleule wa 1886, Kabaka Mwanga wa Buganda alikuwa akiwaua Wakristu. Mapadri waliondoka huko mwaka 1882, wakarudi mwaka 1885. Katika miaka hiyo waongofu walisali na kufundishana wenyewe. Biblia nzima kwa Kiganda haikuwapo bado. Ilitimia mwaka 1896. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 1886, kule Munyonyo, Karoli Lwanga alijua ya kuwa kifo kimewakaribia. Akachukua maji, akawabatiza wakatekumeni wanne: Mbaga, Gyavira, Mugagga na kijana Kizito. Tarehe 3 Juni waliuawa Namugongo. Waanglikana nao walikufa siku ile kwa ajili ya Kristu, nasi twawaheshimu. Nani atathubutu kusema kwamba Kizito alikuwa mbali na Mungu kwa sababu hakuwa na Biblia nzima? Neno la Mungu alilipokea kwa masikio, kutoka kinywani mwa Eklezia, na maji aliyapokea kutoka mkono wa ndugu yake.

Labda mtasema: “Kwetu padri hufika mara chache tu kwa mwaka.” Twajua, na hilo ni zito. Hata hivyo Dominika kusanyikeni. Katekista asome Injili na kuieleza, msali pamoja, na kila mmoja amtamani Bwana katika Komunyo ambayo siku hiyo haipati. Tamaa hiyo haikosi neema. Na padri ajapo, msingoje siku ya pili ndipo mwende kuungama.

Juma hili someni Luka, sura ya 24, habari ya wanafunzi wawili wa Emau. Tazameni mioyo yao iliwaka wapi, na macho yao yalifumbuliwa lini. Kisha mwulizeni katekista wenu.