Dalali wa Wafanyakazi: Chumo la Kamisheni katika Ukanda wa Dhahabu

Ukiuliza mjini Kahama au Geita namna familia fulani ilivyompata binti wa kazi, au namna mwenye duara alivyowapata vijana wa kushuka shimoni, aghalabu utajibiwa kwamba yupo mtu aliyewaleta. Mtu huyo hana ofisi wala kibao mlangoni. Ana simu, daftari la majina, na watu wanaomwamini katika vijiji vya Shinyanga, Simiyu, Tabora na Kigoma. Wengine humwita wakala, wengine humwita dalali, na wale wanaomhitaji kwa haraka humwita mjomba au shangazi. Hana mshahara. Hulipwa kwa kila mtu aliyemfikisha na akakubaliwa, na akishindwa kumfikisha hapati kitu.

Jambo hili linatuhusu kwa pande mbili. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa miji hii yumo binti aliyeletwa kwa njia hiyo, na katika nyumba za ndugu zetu vijijini ndimo wanamotoka mabinti na vijana hao. Yafaa basi tuitazame kazi hii kwa makini: uzito wake, mahali inapoharibika, na hukumu yake katika sheria ya nchi na ya dini.

Soko la watu penye dhahabu

Ukanda huu haujawahi kukosa haja ya mikono. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulizalisha tangu 2009 hadi ulipofikia ukomo mwaka 2021. Pembeni mwa migodi hiyo yapo machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa upande wa Geita, na Mwakitolyo na Mwime upande wa Shinyanga. Kila penye dhahabu pana mama lishe, nyumba ya wageni, duka, karasha la kusagia mawe, na familia zilizojipatia uwezo wa kuajiri msaidizi wa nyumbani. Wote hao wanatafuta watu, na dalali wa wafanyakazi amepata riziki yake hapo.

Kazi yake huanza kwa simu ya mwajiri. Mama wa mjini anataka binti mpole, msafi, mwenye kusali, asiyekuwa na simu. Mwenye duara anataka vijana sita wenye nguvu ambao hawataondoka baada ya wiki moja. Dalali hupiga simu vijijini, hutuma nauli, huwapokea watu stendi, huwalaza nyumbani kwake ikibidi, kisha huwapeleka. Fedha zote hizo ni zake mpaka mwajiri atakaporidhika. Binti akifika na kuambiwa ni mdogo mno, au mwajiri akiwa amekwisha pata mwingine kwa jirani, nauli imepotea na mtu amebaki mikononi mwake. Vilevile waajiri wengi huweka sharti kwamba aliyeletwa akiondoka kabla ya muda waliokubaliana, dalali alete mwingine bila malipo. Hivyo anaweza kufanya kazi mara mbili kwa ujira mmoja.

Upande wa machimbo hesabu ni ngumu zaidi. Wachimbaji wengi wa maduara hawalipwi mshahara wa mwezi. Hupewa chakula, kisha husubiri mgao wa mawe baada ya gharama za mwenye duara kuondolewa. Shimo lisipotoa dhahabu, hakuna cha kugawana. Dalali aliyewaleta huahidiwa naye fungu lake katika mawe hayo, au hupewa fedha kidogo za mkononi. Vijana wakikaa miezi miwili bila kuona kitu, lawama haziendi kwa mwenye duara peke yake. Simu za wazazi humwendea yule aliyekaa barazani kwao, akanywa uji wao, akawaambia kwamba kijana wao atarudi na bati za nyumba.

Huo ndio uchungu wa kazi hii usioonekana katika daftari. Bidhaa ya dalali wa mahindi haina mama. Dalali wa watu hupokea pongezi za harusi iliyofanyika kwa fedha za kazi aliyoitafuta, na hupokea pia habari za binti aliyepigwa, aliyedhulumiwa mshahara, au aliyerudi kijijini akiwa na mimba. Mwenye moyo hushindwa kulala. Asiye na moyo hubadilisha namba ya simu.

Asili ya malipo kwa kichwa

Utaratibu huu una historia ndefu katika nchi hii. Karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma iliyobeba pembe za ndovu kwenda pwani iliongozwa na wanyampara, nao ndio waliokusanya wapagazi. Ndipo tulipopata neno nyapara, ambalo hadi leo hutumika kwa msimamizi wa kibarua.

Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji maelfu ya watu, na wenyeji wa maeneo hayo hawakutosha, au hawakutaka. Waajiri wakawatuma wakusanyaji katika majimbo ya mbali, wakalipwa kwa hesabu ya watu waliowaleta. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wakaanzisha ofisi yao wenyewe ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu waliochukuliwa kwa mkataba huo waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wazee wetu walilichukia neno hilo. Kuitwa manamba ilikuwa ni kuambiwa kwamba umepoteza jina lako na jina la baba yako, ukabaki hesabu katika daftari la mtu mwingine.

Malipo kwa kichwa yanalingana siku zote na yanavyopangwa. Yakiishia mlangoni pa mwajiri, mkusanyaji hana sababu ya kuuliza yanayotokea baada ya mlango kufungwa.

Penye hatari

Hapo ndipo kazi hii inapoharibika. Kamisheni humlipa dalali kwa kufikisha, wala haimlipi kwa kusema kweli. Akimweleza mzazi kwamba binti atalala jikoni, ataamka saa kumi alfajiri na kulea watoto wanne, huenda mzazi akakataa, na nauli ya kwenda kijijini ikawa imeliwa bure. Akinyamaza, au akiahidi kwamba binti atasomeshwa ushonaji, mzazi atakubali. Kila siku dalali amesimama baina ya ukweli unaomtia hasara na uongo unaomlipa.

Matokeo ya uongo huo yanajulikana. Taarifa za kila mwaka za serikali ya Marekani juu ya usafirishaji haramu wa binadamu zimeeleza mara kwa mara kwamba katika Tanzania sehemu kubwa ya tatizo hili ni ya ndani ya nchi: wasichana wa vijijini wanaopelekwa mijini kwa kazi za nyumbani, na wavulana wanaopelekwa mashambani na migodini, mara nyingi kwa mikono ya jamaa, marafiki na madalali walioahidi shule au kazi nzuri. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, yakiwamo ya Geita na Kahama, ikaeleza habari za watoto wanaoshuka mashimoni na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2017 shirika hilohilo lilieleza habari za Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu, ambao baadhi yao waliambiwa na waajiri kwamba wamekwisha nunuliwa, kwa sababu tu mwajiri alikuwa amemlipa wakala. Kamisheni ya mtu mmoja ikageuzwa kuwa bei ya mtu mwingine.

Sheria ya nchi inasemaje

Sheria haikukataza kuwatafutia watu kazi. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, pamoja na kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014, zinamtaka wakala awe amesajiliwa na kupewa leseni. Kanuni hizo zimeweka pia jambo ambalo wengi hawalijui: anayelipa gharama za uwakala ni mwajiri, na wakala haruhusiwi kumtoza anayetafuta kazi. Kwa hiyo desturi ya wakala kuchukua mshahara wa kwanza wa binti wa kazi ni dhuluma, hata kama imezoeleka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kabisa aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Nayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamfanya mkusanyaji wa watu kwa ajili ya unyonyaji kuwa mhalifu. Pale anayechukuliwa anapokuwa mtoto, ridhaa yake au ya mzazi wake haiwezi kutumiwa kama utetezi. Dalali anayesema kwamba baba mwenyewe alikubali hana kinga katika maneno hayo.

Dini inasemaje

Ujira wa dalali kwa asili yake ni halali. Imamu Bukhari ameuwekea mlango katika kitabu chake cha Sahihi, akataja wanavyuoni wa zama za mwanzo, kama Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan, kwamba hawakuona ubaya ndani yake. Malipo yanayotolewa kwa kutimiza jambo, asipolitimiza mtu asipate kitu, wanazuoni huyaita juala. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, yanayakubali, kwa sharti kwamba kiasi cha malipo kijulikane. Ushahidi wao mmojawapo umo katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), pale alipoahidiwa shehena ya ngamia atakayeleta kopo la mfalme lililopotea.

Lakini uhalali huo unafungwa na ukweli. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta umaji chini yake, akamkemea muuzaji aliyeficha sehemu iliyolowa na kuonesha iliyokauka. Dalali anayemweleza mzazi habari za mshahara na kumficha habari za usiku amefanya jambo lilelile, na nafaka yake ni mwana wa mtu. Imepokewa pia kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na mwingine ni aliyemwajiri mtu akachukua kazi yake kamili asimpe ujira. Dalali mbaya na mwajiri mbaya wamewekwa katika orodha moja.

Na tukitaka mfano mwema wa mwenye kumwombea mtu kazi, tumtazame binti wa yule mzee wa Madyan katika Sura ya Al-Qasas. Alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.) kwa sifa mbili alizoziona kwa macho yake, nguvu na uaminifu. Baba naye akataja muda wa kazi na malipo yake waziwazi, akaeleza kwamba hakusudii kumtia Musa katika mashaka. Katika mapatano yale hapakuwa na jambo lililofichwa.

Wajibu wa wazazi na waajiri

Mzazi anayeletewa habari ya kazi na aulize jina kamili la mwajiri, mtaa anaokaa na namba yake ya simu, na azungumze naye mwenyewe kabla ya binti kupanda basi. Aulize mshahara ni kiasi gani na utapita mkononi mwa nani. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha Sh. 40,000 kwa mwezi kwa msaidizi anayelala kwa mwajiri, na viwango vimepandishwa baadaye. Wakala akiahidi pungufu ya kiwango kilichopo, anaahidi dhuluma. Kijana anayekwenda machimboni aelezwe kama atalipwa fedha au mgao wa mawe, na nani atamuuguza akiumia. Binti au kijana asiondoke bila kujua kwa moyo namba ya simu ya nyumbani. Na aliye na umri wa shule abaki shuleni.

Mwajiri naye asijifiche nyuma ya dalali. Amlipe dalali ujira wake kamili, bila kumkata mfanyakazi hata senti, na aandikiane na mfanyakazi masharti ya kazi. Akimpokea mtoto wa miaka 12 kwa hoja kwamba ameletwa, dhambi ni yake pia.

Na dalali mwenye kumcha Mungu anaweza kuisafisha kazi yake kwa mambo machache. Ajisajili. Akatae kumchukua mtoto. Apange na mwajiri kwamba sehemu ya malipo yake itolewe baada ya miezi mitatu, mfanyakazi akiwa salama na amelipwa. Kisha awe anapiga simu kila mwezi kuuliza hali. Misikiti yetu ya Kahama, Geita na Shinyanga inaweza kumsaidia kwa kuweka daftari la waliotoka vijijini na nyumba walizokwenda, ili maimamu wa kule na wa huku wajue nani yuko wapi. Gharama yake ni daftari moja na muda wa kupiga simu baada ya Ijumaa.