Kiota cha Lugha: Habari za Wamaori na Watoto Wao Wachanga

Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa kwetu imeingia desturi mpya. Baba na mama husema Kipare, au Kiluo, au Kinyakyusa wao kwa wao. Walakini wamgeukiapo mtoto mdogo huiacha lugha hiyo, wakamsemesha Kiswahili, au Kiingereza kile kidogo walicho nacho. Husema, "Lugha ya nyumbani ataipata tu, na tumfungulie mlango wa shule mapema." Hufanya hivyo kwa upendo, wala hatuwalaumu. Lakini liko taifa moja lililowaza vivyo hivyo zamani, na yaliyowapata twataka kuyasimulia kwa urefu kidogo, maana waalimu wa watoto wadogo wataona humo mengi ya kufikiri.

Taifa hilo ni Wamaori, wenyeji wa visiwa vya Nyuzilandi, kusini mwa bahari ya Pasifiki. Injili iliwafikia katika karne ya 19. Agano Jipya la Kimaori lilipigwa chapa huko Paihia mwaka 1837, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1868. Watu walisoma na kuandika kwa lugha yao, hata magazeti. Mwaka 1867 serikali ilitoa sheria ya shule za wenyeji, na Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia. Wako Wamaori wenyewe waliotaka hivyo: mwaka 1877 watu zaidi ya mia tatu walipeleka ombi Bungeni kwamba shuleni kisemwe Kiingereza tu. Hawakukusudia kuiua lugha yao. Walidhani nyumba itailinda.

Nayo nyumba iliilinda kwa muda. Mnamo mwaka 1913, watoto tisa katika kila kumi wa Kimaori waliokuwa shuleni waliijua lugha yao. Walakini wengi walichapwa kwa kuisema, kama vile wazee wa Kenya wasimuliavyo habari za kibao kilichovikwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao. Watoto wale walipokuwa wazazi hawakupenda wana wao waonje fimbo ile ile. Kisha, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, jamaa nyingi zilihamia mijini. Mwaka 1953 waliojua Kimaori walikuwa kama mtoto mmoja katika wanne. Mwaka 1975 hawakufika watano katika mia. Wazee walikuwapo bado, wakisema vizuri kabisa, ila hawakuwa wakisema na watoto. Bibi aliomba kwa lugha moja, na mjukuu hakujua anaombewa nini.

Ndipo Wamaori wakatafuta shauri. Walifungua madarasa ya lugha kwa watu wazima, lakini waliona kazi ni ngumu na matunda ni haba. Basi mwezi wa Aprili mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya kulelea watoto waliokuwa bado hawajafikia umri wa shule. Waliiita *kohanga reo*, maana yake kiota cha lugha, na jina hilo laeleza kazi yake vema, kwa kuwa ndege hawafundishi makinda kwa ubao na chaki.

Katika kiota hicho hapana somo la lugha. Mtoto huletwa asubuhi, akapokewa na wazee wa kike na wa kiume wasemao Kimaori tu tangu kufika kwake hata kuondoka. Kwa lugha hiyo husalimiwa, hulishwa, hunawishwa, huimbiwa, hutulizwa aliapo, na kwa lugha hiyo huanza siku kwa sala. Wazazi huwa na sehemu yao pia: huiendesha nyumba wenyewe, na wale wasioijua lugha hujifunza pamoja na wana wao. Nyumba nyingi zilianzishwa kwa fedha kidogo, nyingine katika majumba ya makanisa na ya mikutano ya ukoo. Bibi Iritana Tawhiwhirangi, aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, aliona idadi ya viota ikipanda kupita 800 mwaka 1993, vyenye watoto zaidi ya 14,000. Mwaka 1985 wazazi walifungua shule ya msingi ya Kimaori mjini Auckland, ili watoto waliotoka kiotani wasipotewe na walichopata. Na mwaka 1987 sheria ilikifanya Kimaori kuwa lugha rasmi ya nchi. Watu wa Hawaii walipoyaona hayo walifungua kiota chao mwaka 1984 katika kisiwa cha Kauai.

Walakini baada ya mwaka 1993 hesabu ya viota ilipungua sana. Sababu ni nyingi, lakini moja yatuhusu: mtoto aliyelelewa kwa Kimaori mchana, kisha akarudi jioni katika nyumba isiyosema ila Kiingereza, ni vigumu kudumu nayo. Mwalimu peke yake hawezi kulipa deni la nyumba.

Tukirudi kwetu, wako mama waogopao kwamba lugha mbili au tatu zitamchanganya mtoto. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto mchanga hupambanua mlio wa lugha moja na nyingine kabla hajaweza kutamka neno. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, hana ugonjwa. Atumia kila alicho nacho, kama mpishi mwenye vyungu viwili. Na anayehesabu maneno ya mtoto ahesabu ya lugha zote, asije akamwona maskini aliye tajiri.

Mwalimu mwenye watoto wa makabila manne chini ya paa moja hawezi kuwa na viota vinne; hilo twalijua. Lakini aweza kujifunza salamu ya kila mtoto, na neno la kumtuliza aliapo, na kumwalika bibi wa jirani aje siku moja katika juma kutega vitendawili kwa lugha yake. Kiswahili kitapatikana uwanjani, na Kiingereza kina wakati wake.

Na nyumbani, twashauri baba na mama waketi na wazee, wapatane nani atasema lugha gani na mtoto, na sala ya jioni itasaliwa kwa ipi. Timotheo alikuwa na Loisi bibi yake na Eunike mama yake. Mtoto akimjibu bibi kwa Kiswahili, bibi asikasirike wala asigeuze ulimi. Na aendelee kwa Kipare chake, kwa kuwa mtoto anasikia.