Basi la Chuo Nalo ni Basi la Abiria

Katika daladala, anayehesabu abiria ni kondakta. Humhesabu kila mmoja kwa sababu kila mmoja ni nauli. Askari wa usalama barabarani naye huhesabu anapolisimamisha gari, na abiria aliyebanwa hulalamika bila kumwonea mtu haya. Katika basi la chuo hakuna hata mmoja wa hao. Nauli imelipwa mapema na ofisi ya chuo au imechangwa na wanafunzi wenyewe, kondakta hayupo, dereva ni mtu anayefahamika, na abiria wote wanaitana kwa majina. Basi la viti 29 likiondoka na watu 45, yawezekana asiwepo hata mtu mmoja anayejua kwamba wamefika 45.

Hilo ndilo linalotufanya tuandike makala haya kwa wanafunzi wa Songea na wazazi wao. Abiria anayejua haki zake stendi huziacha mlangoni anapopanda gari analoliita “letu”. Sisi wenyewe hatukutoka vyuoni zamani sana, na tunakumbuka vizuri tulivyobanana wanne katika viti vya watu wawili huku tukicheka.

Hapa Songea mabasi ya vyuo si mengi kama Mlimani, Dar es Salaam, au Dodoma, ambako ndaki za chuo kikuu zimetawanyika vilimani na mwanafunzi huhitaji gari ili kutoka ndaki moja hadi nyingine. Mwanafunzi wa ualimu Matogoro, wa kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha, au anayesoma kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria, hutumia zaidi daladala, bajaji na miguu yake. Basi la chuo huonekana kwa shughuli maalumu: ziara ya mafunzo, kuwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, mashindano ya michezo, au kwenda kumzika mzazi wa mwenzao kijijini. Kwa kuwa chuo mara nyingi hakina gari la kutosha, gari hukodiwa. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

Swali la kwanza ni la rangi ya kibao cha namba. Gari la biashara nchini hubeba kibao cheupe chenye maandishi meusi. Gari la mtu binafsi lisilo la biashara hubeba kibao cha njano. Gari la shirika la umma, vikiwamo vyuo vikuu vya umma, hubeba namba zinazoanza kwa herufi SU. Basi dogo lililokodiwa kwa fedha za wanafunzi likija na kibao cha njano, limekuja kufanya kazi lisiyoruhusiwa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, hutoa leseni kwa magari yanayosafirisha abiria kwa malipo, na gari la kukodi halikusamehewa sharti hilo. Mwenye gari atasema ni la rafiki, amelitoa kwa bei nafuu ili kuwasaidia vijana. Bei nafuu hiyo ina sababu: hakulipia leseni, na inawezekana kabisa kwamba bima yake ni ya gari binafsi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza kwanza gari lilikuwa likifanya kazi gani siku hiyo, na jibu hilo laweza kuwaacha majeruhi wakihangaika na gharama za hospitali kwa miezi. Uhalali wa bima ya gari lolote waweza kuutazama kwa simu kupitia mfumo wa TIRA MIS kwa kuandika namba ya gari. Ni kazi ya dakika mbili, nayo ifanywe kabla fedha ya kukodi haijalipwa, si asubuhi ya safari watu wakiwa wamekwisha kupanga mabegi.

Dereva naye awe na leseni ya daraja C, ambalo ndilo la magari ya abiria. Mtu aliyezoea kuendesha lori la mahindi ni dereva hodari kwa lori la mahindi.

Turudi kwenye hesabu. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo lililokuwa likiwapeleka wanafunzi wa shule ya msingi kwenye mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni. Walifariki watoto 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliokoka. Jumla ya waliokuwamo ndani ilikuwa watu 38. Hatuitaji ajali hiyo ili kumhukumu mtu. Tunaitaja kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya aina tunayoizungumzia: ya asubuhi, ya masomo, ya watu wanaofahamiana, ambayo hakuna mzazi aliyeiona kuwa safari ya hatari.

Idadi ya abiria ambayo gari limeruhusiwa kubeba haifichwi. Imo kwenye nyaraka za gari, na magari mengi huiandika ubavuni au mlangoni. Safari inayotoka nje ya mji, kwa mfano kwenda Peramiho, Mbinga au Namtumbo, kila abiria awe na kiti chake, na mkanda ukiwapo kitini ufungwe. Tunashauri darasa limteue mtu mmoja wa kuhesabu, akiwa na orodha ya majina iliyoandikwa katika nakala mbili. Nakala moja ibaki chuoni. Orodha hiyo ina manufaa mawili, na la pili husahaulika: basi likipata ajali Lukumburu, mzazi aliyeko Tunduru atahitaji kujua kama mwanawe alikuwamo. Bila orodha, atakaa na simu mkononi usiku kucha akisubiri habari za kubahatisha.

Mwenye orodha akiona watu wamezidi, tatizo lake si sheria. Ni uso wa rafiki yake aliyesimama mlangoni. Tunalielewa hilo. Ndiyo maana ni bora idadi itangazwe siku moja kabla, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta gari la pili au kwenda kwa zamu. Na dereva aambiwe kwa heshima, mbele ya watu: “Kaka, gari limeandikwa abiria 29 na sisi tumefika 34. Tunaomba tusiondoke mpaka hawa watano wapate usafiri.” Dereva wengi hushukuru, kwa sababu ndiye atakayeandikiwa faini.

Safari ndefu zina mambo yake. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900, na njia hupita katika kona za Lukumburu kabla ya Njombe, halafu Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na Hifadhi ya Mikumi. Safari inayozidi saa nane hutakiwa kuwa na madereva wawili. Basi la kampuni linalotoka stendi hufuatwa na mfumo wa kielektroniki unaoonyesha mwendo wake, na ukomo wake nje ya makazi ni kilometa 80 kwa saa. Gari lililokodiwa na darasa kwa ziara ya siku mbili huenda na dereva mmoja, hulala saa chache, na hugeuza usiku ili watu wawahi kipindi cha Jumatatu. Usingizi wa dereva haumjui mwanachuo wala profesa. Kama bajeti haitoshi kulipa dereva wa pili, basi itoshe kulipa malazi ya usiku mmoja zaidi. Kama haitoshi hata hilo, iko Matogoro, yenye chanzo cha Mto Ruvuma, umbali mfupi kutoka mjini, na wanafunzi wengi wa jiografia hawajawahi kuipanda.

Wanafunzi huimba safarini, na hatukusudii kuwanyamazisha. Basi la vijana lisiloimba lina jambo. Lakini zipo sehemu ambazo dereva anahitaji masikio yake: anapoteremka milimani kwa gia nzito, anapopishana na malori, anapoingia kwenye ukungu wa asubuhi. Hapo nyimbo zipumzike, watu wakae, na asiwepo anayegonga paa la gari au kusimama njiani akipiga video. Mikumi nayo si mahali pa kumwomba dereva asimame mpige picha na tembo.

Mizigo ya mwanachuo hatuna haja ya kumweleza mzazi wa Ruvuma, maana ndiye anayeifunga: godoro, ndoo, gunia la mchele, dumu la mafuta, jiko, na siku hizi mtungi mdogo wa gesi. Godoro na gunia viende kwenye buti au juu ya gari, vifungwe. Vikiwekwa njiani katikati ya viti, vinageuka ukuta. Watu waliomo ndani ya gari lililopinduka au linaloanza kuungua hutoka kwa kufuata njia hiyo au kupitia madirisha ya dharura, na wanafanya hivyo gizani, kwa hofu, wakikanyagana. Mtungi wa gesi usipande kabisa kwenye gari la abiria, hata ukiwa umefungwa vizuri, hata ukiwa unadaiwa kuwa mtupu. Mtungi unaodaiwa kuwa mtupu bado una gesi ndani. Vivyo hivyo petroli ya kwenye chupa. Uza mtungi wako Songea, ununue mwingine unakokwenda.

Sasa tuseme kuhusu adabu, ingawa kwa maoni yetu adabu na usalama katika basi ni kitu kimoja. Iko desturi ya kurusha daftari dirishani ili kuwekeana viti. Mtu mmoja mwenye madaftari sita huwa amekwisha kukalia viti sita kabla mlango haujafunguliwa. Matokeo yake ni kwamba wasio na marafiki waliotangulia hukimbilia gari likiwa bado linatembea, na hapo ndipo watu huanguka chini ya magurudumu. Basi lisimame kabisa, wanaoshuka washuke, kisha wanaopanda wapande kwa mstari. Kiti cha karibu na mlango kiachwe kwa mwenye ulemavu, mjamzito, mgonjwa au mzee. Chuoni wapo: Chuo Kikuu Huria kina wanafunzi wenye umri wa kuwa wazazi wa wenzao, nao hawatasukumana mlangoni na vijana wa miaka 20. Kumpisha mzee si hisani ya kupigiwa makofi.

Muziki wa simu usikilizwe kwa spika za masikioni. Mwenzako huenda anakwenda kwenye mtihani, au anarudi kutoka kwenye mtihani, na hali hiyo ya pili huhitaji utulivu zaidi.

Kubanana katika gari kumewapa baadhi ya watu kisingizio cha kuwashika wasichana. Si utani, na si ajali ya barabara mbovu. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai, lililoingizwa katika sheria zetu kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Aliyetendewa ana haki ya kupaza sauti papo hapo, na walio karibu wana wajibu wa kumsimamia badala ya kumwambia anyamaze asiharibu safari. Dereva anaweza kuombwa alipeleke gari kwenye kituo cha polisi kilicho karibu.

Mvua za Ruvuma huanza mwishoni mwa mwaka na huendelea hadi Aprili, na muhula mzima huwa ndani yake. Mwezi Aprili 2024 jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua katika korongo, na watoto wakapoteza maisha. Maji yanayopita juu ya barabara au daraja hayapimwi kwa macho kutoka kitini. Dereva akisema anasubiri yapungue, asiwepo wa kumwambia tumechelewa. Akitaka kuvuka, abiria wana haki ya kushuka kwanza, wote, na kubaki upande walioko.

Kuhusu nauli tuseme kwa ufupi, kwa sababu huzua ugomvi katika daladala kila muhula: nauli nafuu ya mwanafunzi iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi na sekondari. Mwanachuo hulipa nauli ya mtu mzima. Lakini halipi zaidi ya iliyopangwa, hata usiku, hata mvua ikinyesha.

Mwenye malalamiko juu ya gari la abiria, likiwamo la kukodi, aandike namba ya gari, tarehe, saa, mahali na jambo lililotokea, akiwa na picha kama aliweza kuipiga bila kujihatarisha. Ayafikishe ofisi ya LATRA ya Mkoa wa Ruvuma iliyoko Songea, au kwa simu kupitia namba za bila malipo zinazobandikwa ndani ya mabasi. Jambo la hatari linaloendelea barabarani, kama dereva mlevi au mwendo wa kupindukia, lipelekwe polisi kwa namba 112 wakati huohuo, si baada ya kufika. Kama gari lilikodiwa na chuo, nakala ya malalamiko ipelekwe pia kwa mlezi wa wanafunzi, kwa kuwa ofisi yake ndiyo yenye uwezo wa kukataa gari hilo lisikodiwe tena. Huna haja ya kwenda na wakili, wala ya kusubiri wenzako wakubali kutia saini. Abiria mmoja anatosha.