Sahani Yako na Maneno ya Watu



Hapa kwetu Amagoro, mgonjwa wa kisukari akipunguza atapa, akanywa chai bila sukari na kukataa mrija wa ajono, husikia: "Siku hizi unajidai!" Afanyeje?

Danieli hakugombana na mtu. Alimwomba msimamizi kwa adabu awajaribu siku 10 kwa mboga na maji, na nyuso zao zikatoa jibu.

Nawe jibu kwa upole: "Asante shangazi, daktari amenikataza." Kisha keti, zungumza nao. Umekataa chakula, hukuwakataa watu.

Nawe mwenyeji, usimlazimishe mgeni. Wanga mwingi humpandishia sukari mwilini. Upendo huuliza kwanza, ndipo hupakua.