Mathe Ametolewa Uvimbe wa Titi: Je, Kemo ni Lazima? Soma Hii Kwanza

Wasee wa Kitengela na Kajiado, hii inakuhusu hata kama uko na miaka 22. Kansa ya matiti ndio inaongoza kwa wanawake Kenya, na mwaka wa 2020 ilikadiriwa kesi mpya ni zaidi ya 6,700. Mathe akitoka upasuaji, wewe mwenye simu na data ndio unatumwa kuuliza: sasa kemo ni lazima?

Jibu ni inategemea. Na kinachoamua si uoga wa shosh wala kile anti aliskia kwa chama. Ni ripoti ya maabara.

Uvimbe umetolewa, kemo ni ya nini?

Daktari wa upasuaji hutoa kile anaona. Lakini seli chache zinaweza kuwa zilichomoka mapema zikaingia kwa damu, na hakuna picha itazionyesha. Kemo huzunguka mwili wote ikiziwinda. Kama uwezekano wa hizo seli kuwa huko ni mdogo, ama kuna dawa ingine inaziweza, kemo italeta kutapika, nywele kuisha na dooh kuenda, na faida kiduchu.

Cheki vitu vitatu: ER, PR na HER2

Ile nyama iliyotolewa hupimwa hivi vitatu. Ukizijua, ushaanza kushika rada.

1. ER ama PR iko, HER2 haiko. Kansa hii inalishwa na homoni, so inazimwa na tembe kama tamoxifen, kila siku kwa miaka 5 hadi 10. Hapa ndio kuna watu wanaweza kuruka kemo. Utafiti wa TAILORx uliotoka 2018 ulifuata zaidi ya wanawake 10,000 wa aina hii, ambao kansa haikuwa imefika tezi za kwapa. Uvimbe wao ulipimwa jeni 21. Wengi waliopata alama za kati, hasa waliopita miaka 50, kemo haikuwaongezea kitu. Walio chini ya hapo, wengine ilisaidia kidogo. Kipimo hicho ni ghali sana, so kwa wengi hapa kwetu daktari huangalia umri, saizi ya uvimbe, ukali wa seli na tezi za kwapa.

2. HER2 iko. Mara nyingi ni kemo pamoja na Herceptin. Hiyo dawa ilikuwa inamaliza familia, lakini 2025 serikali na kampuni ya Roche walikubaliana bei ishuke na SHA ilipe. Uliza kama hospitali yenu iko kwa huo mpango.

3. Zote tatu haziko. Tembe za homoni hazitasaidia. Kemo ndio silaha kuu, hata uvimbe ukiwa mdogo. Aina hii hupata sana wanawake weusi na wa umri mdogo, so usiichukulie poa.

Maswali ya kubeba

Kabla mpande mat ya Namanga Road mwende Kenyatta ama KUTRRH, andika haya:

- ER, PR na HER2 zimesema nini? Kama hazijapimwa, zitapimwa lini?
- Tezi ngapi za kwapa zilitolewa, na ngapi zilikuwa na kansa?
- Kati ya wanawake 100 kama mathe, kemo itaokoa wangapi zaidi ya tembe peke yake?
- Moyo wake uko sawa kuibeba?
- Kama mgonjwa ni dem anataka watoto baadaye, afanye nini kabla ya kuanza?

Hilo swali la tatu usiliache. Ndilo linaonyesha kama hayo mateso yana maana.

Na saa inasonga. Kama kemo inahitajika, kawaida huanza wiki chache baada ya upasuaji, na kupitisha miezi mitatu kunapunguza nguvu yake. Kuruka kemo ju daktari amesoma ripoti akasema haihitajiki ni sawa. Kuruka ju jirani anauza mitishamba ni kucheza na maisha ya mathe.

Ripoti yake iko wapi saa hii? Itafute leo, ipige picha, iweke kwa simu yako. Karatasi hupotea, na bila hiyo daktari anakisia tu.